Dume na Jike Katika Bwawa la Samaki: Somo kwa Wafugaji wa Nyeri na Pande za Mlima Kenya

Ndugu mfugaji wa Tetu, Othaya, Mukurwe-ini, Karatina au Kieni, somo la mwezi huu ni lako. Huenda umeliona jambo hili katika bwawa lako mwenyewe au la jirani. Mtu atia vifaranga vya tilapia, alisha miezi minane, atumia fedha nyingi kununua chakula. Siku ya kuvua, wavu waleta maelfu ya samaki walio na urefu wa kidole, na wakubwa ni wachache mno. Mnunuzi aangalia, atikisa kichwa, aenda zake. Mwenye bwawa asema maji yetu ni baridi, au chakula kilikuwa hafifu. Pengine asema kweli. Lakini mara nyingi sababu kubwa ni nyingine: majike wamezaa bwawani kabla ya kufikia kimo cha kuuzwa.

Ili kuzuia hasara hiyo, yafaa ujue jinsi samaki anavyokuwa dume au jike, na jinsi kifuko cha mayai kinavyoumbwa ndani ya tumbo lake. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Mfugaji anayelijua hadanganywi anaponunua mbegu, wala hapotezi mwaka mzima akilisha samaki wasio na faida.

SAMAKI WALIVYOFIKA MLIMANI

Wazee wetu wa pande za Mlima Kenya hawakuwa walaji wa samaki. Walikuwa na mbuzi, ng'ombe, mtama, viazi vikuu na ndizi, na mito ilikuwa ya maji tu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti kutoka Uingereza, nao wakatiwa katika mto Gura, unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua na kupita pande za Othaya. Hao walikuwa samaki wa kuvuliwa kwa ndoano kwa mchezo. Mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha kufuga samaki pale Sagana, katika Kirinyaga, mahali ambapo pana joto kuliko Nyeri. Kituo hicho sasa ni cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, na mojawapo ya kazi zake ni kuchagua mbegu bora ya tilapia kizazi baada ya kizazi.

Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango mkubwa wa kuchimba mabwawa nchini. Ilikusudiwa kila eneo la ubunge kati ya maeneo 140 lipate mabwawa 200, kila moja la mita za mraba 300. Nyeri ilikuwa katika mpango huo. Wakulima wengi ambao hawakuwa wamepata kugusa samaki walijikuta na bwawa nyuma ya nyumba. Baadhi yao wameendelea hata leo, na baadhi wameacha bwawa likawa kidimbwi cha vyura. Katika sababu za kuacha, bwawa kujaa samaki wadogo ni mojawapo.

TAZAMA TUMBONI MWA SAMAKI

Anza na jambo unaloweza kuliona kwa macho. Utakapopasua tilapia jikoni, usitupe matumbo upesi. Ondoa utumbo na ini polepole, kisha tazama chini ya uti wa mgongo. Utaona vitu viwili vilivyolala sambamba kutoka mbele kwenda nyuma. Ikiwa ni vifuko vyenye rangi ya manjano na punje ndani yake kama za mtama, huyo ni jike, na hivyo ni vifuko vya mayai. Ikiwa ni kamba mbili nyembamba, nyeupe au zenye wekundu kidogo, huyo ni dume, na hizo ni korodani zake.

Ukipata jike, tazama punje vizuri. Nyingine ni kubwa na za manjano, nyingine ni ndogo sana na nyeupe. Maana yake ni kwamba akishataga hizi kubwa, nyingine ziko nyuma zikingoja zamu. Tilapia hatagi mara moja kwa mwaka kama samaki wengine. Maji yakiwa na joto la kutosha na chakula kikiwapo, aweza kutaga tena baada ya wiki nne hadi sita.

JENI NI NINI

Kila kiumbe ana maagizo yaliyoandikwa ndani ya mwili wake, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Agizo moja twaliita jeni. Jeni nyingi zimepangwa katika nyuzi nyembamba mno ziitwazo kromosomu. Ng'ombe wako ana jeni za rangi, za kimo, na za wingi wa maziwa. Samaki naye ana zake.

Kama ilivyo kwa mtu na ng'ombe, tilapia wa mto Naili, ambaye ndiye tunayemfuga, ana kromosomu mbili zinazohusu dume na jike. Jike ana X mbili. Dume ana X moja na Y moja. Mama hana la kutoa ila X. Baba hutoa X au Y. Basi mbegu ya baba yenye X ikikutana na yai, atazaliwa jike. Yenye Y ikikutana na yai, atazaliwa dume. Ndiyo sababu vifaranga visivyoshughulikiwa huwa nusu madume na nusu majike.

Lakini Y yenyewe ina agizo gani? Mwaka 2015 wataalamu wa China walionyesha kwamba katika Y ya tilapia mna jeni moja iitwayo amhy, na kazi yake ni kuelekeza mwili kutengeneza korodani. Jeni hiyo ikiharibiwa, samaki mwenye X na Y huwa jike. Katika trauti jeni ya kazi hiyo ni nyingine kabisa. Inaitwa sdY, nayo ilitangazwa na wataalamu wa Ufaransa mwaka 2012. Kwa hiyo usidhani kwamba samaki wote wameumbwa kwa agizo moja.

JINSI KIFUKO CHA MAYAI KINAVYOUMBWA

Kifaranga cha tilapia kinapoanguliwa hakina kifuko cha mayai wala korodani. Kina chembe chache tu ambazo zaweza kufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Ni kama njia panda ya Marua: gari limefika, lakini halijakata kona.

Siku ya tano au ya sita baada ya kuanguliwa, jeni zaanza kazi. Katika kifaranga chenye X mbili, jeni iitwayo foxl2 huamka. Hiyo ni kama nyapara. Kazi yake ni kuiamsha jeni nyingine ambayo hutengeneza kimeng'enya kiitwacho aromatase. Aromatase nayo huchukua homoni za kiume zilizomo mwilini na kuzigeuza kuwa homoni ya kike, yaani estrojeni. Estrojeni ikipatikana, zile chembe hufuata njia ya kifuko cha mayai. Katika kifaranga chenye Y, amhy na mwenzake aitwaye dmrt1 huizuia kazi hiyo, aromatase haitengenezwi, na chembe hufuata njia ya korodani. Wiki chache baadaye, kwa hadubini, tofauti huonekana wazi.

Fahamu jambo hili vizuri, maana ndilo msingi wa somo lote: katika samaki, homoni inayokuwapo siku zile za mwanzo ndiyo hukata kona. Jeni hutoa agizo, lakini homoni ndiyo mjumbe anayelipeleka. Mjumbe akizuiwa, au akitumwa mwingine badala yake, mwili waweza kufuata njia isiyo ya jeni zake.

Hata samaki akiwa mzima, kifuko cha mayai chahitaji kulindwa na estrojeni. Huko Japani wataalamu waliwapa majike wazima wa tilapia dawa ya kuzuia aromatase kwa muda mrefu. Vifuko vyao vya mayai vikageuka polepole kuwa korodani. Hilo latuonyesha kwamba kifuko cha mayai si kitu kinachoumbwa mara moja kikaachwa. Hutunzwa kila siku.

Estrojeni ina kazi nyingine pia. Jike akikomaa, hupita katika damu mpaka kwenye ini, na ini hutengeneza utomvu mzito wenye lishe. Utomvu huo hurudi kwa njia ya damu hadi katika kifuko, nao ndio kiini cha yai. Sasa waona chakula chako kinakokwenda. Badala ya kuwa nyama mgongoni, kimekuwa kiini cha mayai tumboni.

KWA NINI JIKE HUJAZA BWAWA

Tilapia jike bwawani aweza kuanza kutaga akiwa na miezi mitatu au minne tu, naye bado ni mdogo asiyefaa kuuzwa. Akishataga na mayai kutiwa mbegu na dume, huyachukua kinywani mwake na kuyaatamia humo. Hata vifaranga vikianguliwa hukaa kinywani siku kadhaa zaidi. Wakati wote huo mama hali chakula, au hula kidogo sana. Kwa hiyo hupoteza mara mbili: kwanza kwa kutengeneza mayai, kisha kwa kufunga kinywa. Dume hana taabu hizo, tena kwa asili yake hukua upesi zaidi.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Bwawa la mita za mraba 300, ukitia samaki watatu kwa kila mita, utatia 900. Kama ni mchanganyiko, majike ni kama 450. Tuseme ni 200 tu waliozaa, na kila mmoja amefanikiwa kukuza watoto 100. Hao ni vifaranga 20,000. Chakula ulichopima kwa samaki 900 sasa chagombewa na samaki zaidi ya 20,000. Kwa kila samaki uliyemnunua, wako zaidi ya 22 usiowanunua wala kuwahitaji. Wanakula chakula, wanavuta hewa iliyomo majini, na wanachafua maji. Hapo hakuna atakayekua, awe dume au jike.

Baridi ya Nyeri yabadilisha nini? Tilapia apenda maji ya digrii 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, hula kidogo na hukua kwa shida, na majike huacha kutaga. Kwa hiyo mwezi wa saba, wakati wa ukungu na manyunyu, bwawa la Nyeri huonekana limetulia. Lakini ifikapo miezi ya jua, Januari hadi Machi, majike waliokuwa wakingoja hutaga. Nao kwa sababu ya baridi wamechelewa kukua, hivyo hutaga wakiwa wadogo. Basi baridi si kinga. Tena wako watu wasemao ati maji ya baridi huzaa madume zaidi. Sivyo. Lililoonekana katika majaribio ni kwamba joto kali, la digrii 36 hivi, likivipata vifaranga katika siku zile za mwanzo, laweza kuongeza madume. Joto hilo halipatikani katika bwawa la Nyeri.

NJIA ZA KUPATA MADUME MATUPU

Njia ya kwanza ni kuchagua kwa mkono. Ngoja samaki wafikie gramu 30 hadi 50. Mshike mmoja, mgeuze tumbo juu, tazama karibu na pezi la nyuma. Dume ana matundu mawili: moja la kinyesi, na jingine katika ncha ya kijinundu, ambalo hutoa mkojo na mbegu. Jike ana matundu matatu: la kinyesi, la mayai ambalo ni kama mstari uliokatwa kwa kupingana na mwili, na la mkojo. Ukipaka tone la wino au dawa ya zambarau ya vidonda, mistari huonekana vizuri zaidi. Kazi hii haihitaji fedha, bali yahitaji macho, subira na mazoezi. Hata fundi hukosea mara chache, na majike wachache wakisalia watazaa. Tena majike utakaowaondoa umekwisha kuwalisha kwa miezi kadhaa.

Njia ya pili ni ile itumiwayo na vituo vingi vya kuzalisha vifaranga. Vifaranga vinapoanza kula hulishwa chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume, miligramu 60 kwa kila kilo ya chakula, kwa muda wa siku 21 hadi 28. Sasa waelewa kwa nini ni wakati huo na si mwingine: ndio wakati ambapo chembe ziko njia panda. Kazi ikifanywa sawasawa, madume huwa 95 au zaidi katika kila 100. Ikifanywa kwa kuchelewa, au kama vifaranga vilikuwa vikila vitu vingine bwawani, majike watakuwa wengi.

Watu huuliza kama samaki huyo ni salama kuliwa. Homoni hulishwa kwa wiki tatu au nne za kwanza tu, samaki akiwa hajafikia hata gramu moja, kisha mwili wake huitoa katika wiki zinazofuata. Samaki huuzwa miezi mingi baadaye. Hatari iko kwa mtu anayeshika homoni yenyewe, na kwa maji yanayotoka katika matangi ya vifaranga. Kwa hiyo kazi hiyo ni ya vituo vilivyoruhusiwa, vyenye watu waliofundishwa na vifaa vya kujikinga. Usinunue dawa hiyo kwa mtu wa sokoni ukaichanganye nyumbani. Mwanamke mwenye mimba asiiguse kabisa.

Njia ya tatu ni kutumia baba mwenye Y mbili, anayepatikana kwa kupandisha kwa uangalifu vizazi kadhaa. Baba huyo hana X ya kutoa, kwa hiyo watoto wake karibu wote ni madume, nao hawakulishwa homoni yoyote. Ni njia nzuri, lakini yataka kituo kinachoweka kumbukumbu kali ya kila samaki.

USIZALISHE KUTOKA KATIKA MADUME YA KUNUNUA

Hapa wafugaji wengi huangukia shimoni. Mtu anunua vifaranga vya madume, vyakua vizuri, naye asema: "Mwaka ujao sinunui tena. Nitachagua madume bora kati ya hawa, nitafute majike, nijizalishie mbegu." Afikiri kwamba baba aliyetoka katika kundi la madume atazaa madume.

Kumbuka tulivyosema. Homoni ilibadilisha njia ya chembe, haikubadilisha jeni. Kati ya madume yako 100, karibu nusu yao wana X na Y, hao ni madume wa asili. Nusu nyingine wana X mbili. Walikuwa wawe majike, wakapewa korodani na homoni. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Ukimpandisha dume mwenye X mbili kwa jike mwenye X mbili, Y itatoka wapi? Watoto karibu wote watakuwa majike. Basi yule aliyetaka kuokoa fedha ya vifaranga atajaza bwawa lake majike watupu, na mwaka utapotea.

Kanuni ni hii: samaki waliogeuzwa ni wa kula na kuuza, si wa mbegu. Mbegu nunua upya kila msimu.

TRAUTI: HUKO TWATAKA MAJIKE

Katika maji ya baridi kabisa ya kutoka mlimani, kama Kiganjo, Naro Moru na Timau, samaki afaaye ni trauti, apendaye maji ya digrii 10 hadi 16 yanayotembea. Kiganjo kuna kituo cha Serikali cha kuangua mayai yake. Trauti hajazi bwawa, kwa maana jike huhitaji changarawe na maji ya mto ili atage. Kituoni hukamuliwa mayai kwa mkono, yakachanganywa na mbegu ya dume, kisha huwekwa katika maji safi yanayopita. Katika maji ya digrii 10 huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi.

Lakini kwa trauti shida imegeuka. Dume ndiye hukomaa mapema, na akikomaa hukua polepole, ngozi yake huwa nyeusi na nyama hupungua ubora. Kwa hiyo wafugaji wa nchi za nje hutaka majike watupu. Wanayapataje? Huchukua vifaranga majike, huwalisha homoni ya kiume mpaka wawe na korodani, kisha hutumia mbegu yao. Mbegu hiyo ina X tu. Ikitiwa katika mayai, hutoka majike watupu, nao hawajapata kuonja homoni. Waona jinsi elimu ile ile iliyomharibia mwenye kujizalishia tilapia ndiyo inayomfaidia mfugaji wa trauti, mradi aitumie kwa kujua.

NA KAMBA JE?

Siku hizi mfugaji aweza kusikia habari za kamba wakubwa wa maji matamu, wanaofugwa sana Asia, akaelezwa kwamba yafaa awatie katika bwawa lake. Ni vizuri ujue mambo mawili matatu kabla hujatoa fedha.

Kamba huyu, kwa jina la wataalamu Macrobrachium rosenbergii, apenda maji ya digrii 26 hadi 31. Bwawa la Nyeri haliyafikii. La pili, ingawa mzima huishi katika maji matamu, watoto wake wachanga hawawezi kuishi humo. Sharti wapate maji yenye chumvi kiasi. Jambo hilo liligunduliwa Malaysia mwaka 1961 na Shao-Wen Ling, na hapo ndipo ufugaji wake wa sasa ulipoanza. Kwa hiyo hata ukimpata jike mwenye mayai, huwezi kumzalisha katika bwawa la Karatina.

Hata hivyo kamba hufundisha. Kifuko chake cha mayai kiko chini ya gamba la mgongoni, na kikikomaa huonekana kwa nje kama doa la rangi ya machungwa. Akishataga hubeba mayai chini ya mkia wiki tatu hivi, nayo hubadilika kutoka rangi ya machungwa hadi kijivu. Katika vikonyo vya macho vya kamba kuna tezi inayotoa homoni ya kuzuia kifuko kisikomae. Ndiyo sababu wazalishaji wa kamba wa baharini humkata jike kikonyo kimoja cha jicho ili atage.

Kwa kamba huyu jeni za dume na jike zimepangwa kinyume cha tilapia. Dume ana Z mbili, na jike ana Z na W. Dume ana tezi yake ya kiume, na jeni moja ya tezi hiyo ndiyo hutengeneza homoni ya kiume. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, waliinyamazisha jeni hiyo katika madume wachanga, na kufikia mwaka 2012 walikuwa wamewapata majike wenye Z mbili. Majike hao wakipandishwa na madume wa kawaida, huzaa madume watupu. Jeni haikuondolewa, ilinyamazishwa kwa muda tu. Ni akili ile ile ya tilapia, kwa njia nyingine.

MAMBO YA KUFANYA

1. Nunua vifaranga katika kituo kinachotambuliwa na afisa wa uvuvi. Uliza: Je, ni madume? Walilishwa homoni kwa siku ngapi, wakianza lini? Pata risiti yenye tarehe. Muuzaji asiyeweza kujibu, mwache.

2. Kabla ya kutia vifaranga, kausha bwawa kabisa. Samaki mdogo aliyejificha katika tope aweza kuwa jike.

3. Funga chandarua chenye matundu madogo penye bomba la kuingiza maji, ili samaki wa mtoni wasiingie. Funga kingine penye bomba la kutolea. Mito yetu huteremka mpaka Tana, na humo mna tilapia wa asili wa nchi hii. Samaki wako wakitoroka watachanganyika nao na kuharibu mbegu ambayo haipatikani kwingine.

4. Samaki wakifika gramu 30 hadi 50, vua 50 bila kuchagua, utazame matundu yao. Majike wakiwa watatu au chini yake, mbegu ilikuwa nzuri. Wakiwa 10, mmoja katika kila watano ni jike. Vua wote, uwaondoe majike. Wakiwa karibu 25, ulichouziwa ni mchanganyiko usioshughulikiwa. Andika hesabu hiyo, umwonyeshe afisa na muuzaji.

5. Majike uliowaondoa usiwatupe mtoni. Wale nyumbani, au walishe kuku na nguruwe.

6. Ukishindwa kupata madume, tia kambare wachache wale vifaranga vitakavyozaliwa. Watie tilapia wako wakiwa wamekua, na kambare wawe wadogo kuliko wao, wasije wakawala wale uliokusudia kuuza. Afisa wa uvuvi atakupa idadi ifaayo kwa bwawa lako.

7. Weka daftari. Andika tarehe ya kutia vifaranga, idadi, kilo za chakula kila wiki, joto la maji asubuhi na jioni, na uzito wa samaki kila mwezi. Bila daftari hutajua kama hasara yako imetoka kwa baridi, kwa chakula au kwa majike.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni pamoja katika kikundi chenu, kisha mjibu bila kutazama juu.

(a) Kwa nini homoni hulishwa vifaranga vinapoanza kula, na si baada ya miezi miwili?

(b) Jirani amepandisha dume aliyegeuzwa, mwenye X mbili, kwa jike wa kawaida. Watoto watakuwa nini, na kwa nini?

(c) Kwa nini mfugaji wa tilapia hutaka madume, na mfugaji wa trauti hutaka majike?

(d) Umevua samaki 50 ukapata majike 12. Utafanya nini siku hiyo hiyo?

Mwenye kuyajibu yote manne sawasawa yuko tayari kwenda kununua mbegu. Asiyeweza, na arudie somo kabla ya kufungua mfuko wake.